Kocha wa Steshenari

Ukocha nilipewa na paa langu. Duka langu la steshenari hapa Makorora, Tanga, limepakana na kiwanja cha watoto, na jioni haipiti bila mpira kutua juu ya bati, ukabingirika, ukaangukia uani. Kisha vichwa vitatu vinachomoza juu ya ukuta: "Shikamoo baba, tunaomba mpira." Mimi nilikuwa naurudisha, basi. Lakini mtaani kwetu mtu anayerudisha mpira bila kwanza kuuchoma kisu huhesabiwa kuwa mpenda michezo, na sifa hiyo ikishakupata huivui. Kocha wa zamani alipopata kazi Dodoma na kuondoka na filimbi yake, balozi wa nyumba kumi alikuja dukani kutoa kopi ya kitambulisho. Kopi ni shilingi 100. Akanipa 200, akasema chenji iingie mfuko wa timu.

"Timu gani, mzee?"

"Yako, mwalimu."

Hivyo timu ikaanza na mtaji wa shilingi 100, na hadi leo sijaliona salio likizidi hapo kwa juma zima.

Elimu yangu ya soka ni ya jukwaani. Nimekulia uwanja wa Mkwakwani, upande wa jua, nikiwasikiliza wajomba wakisimulia mwaka 1988, Coastal Union walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Nimesimuliwa ubingwa ule mara nyingi hadi nikiulizwa ghafla naweza kukutajia aliyekaa kushoto kwangu. Kucheza, hapana. Shuleni nilikuwa mshika nguo: wenzangu wakiingia kiwanjani, mashati, viatu na hela zao za maandazi vilibaki kwangu, na sikuwahi kupoteza hata kifungo. Wanaotaka ukocha wa kueleweka huenda kozi za TFF, wakaanza na leseni D ya CAF, wakapanda C, B hadi A. Mimi nina leseni ya biashara, na hiyo yenyewe ilikuwa inakaribia kuisha.

Jambo moja nililigundua mapema, na sidhani kama limo katika kozi yoyote: mpira wenyewe ni sehemu ndogo sana ya kazi. Kocha wa mtaani ni ombaomba mwenye filimbi. Unamwomba ustadhi, unamwomba mama, unamwomba fundi baiskeli, unamwomba mwenye kiwanja, unamwomba mwenye mbuzi waliolala katikati ya kiwanja, na ukibakiwa na pumzi unamwomba beki wako wa kushoto abaki kushoto.

Tuanze na fundi baiskeli. Mpira tuliokuwa nao ulikuwa mmoja, namba 5, ule wa watu wazima, wenye mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito ambao kisheria haupaswi kuzidi gramu 450 mchezo unapoanza. Watoto wa umri ule hufaa namba 4, lakini namba 4 haikuwepo, na namba 5 yenyewe siku ya mvua ilikunywa maji hadi kipa akaja kuniomba ruhusa ya kuikwepa. Kiwanja kimezungukwa na michongoma. Kila mpira ulipotoboka niliupeleka kwa fundi, na Tanga ni mji wa baiskeli, fundi humkosi. Wa kwetu aliichomoa blada, akaibandika kiraka cha tyubu, akashona ngozi kwa uzi wa viatu. Baada ya viraka kadhaa mpira ukapata tabia zake. Ukiupiga kulia ulianza kwenda kulia, ukafikiri, ukarudi kati. Watoto waliizoea hali hiyo. Wakajua kufunga kwa kulenga nje ya goli. Tulipocheza na timu iliyokuja na mpira mpya, ambao ulikwenda ulikopigwa, tulifungwa sita.

Fundi hakudai pesa. Alidai mwanawe acheze namba 9. Ni mtoto mzuri, ana adabu, anasalimia wakubwa bila kukumbushwa, na anaogopa mpira. Amecheza namba 9 msimu mzima.

Sindano ya kujazia upepo nayo ilikuwa moja mtaa mzima, ya mwenye genge, naye haiazimishi ila kwa anayenunua nyanya. Nyumbani kwangu tumekula nyanya sana mwaka ule.

Koni za mazoezi niliziona kwenye simu, kwa bando nililolinunua kwa uchungu: watoto wa Uholanzi wakizunguka koni za rangi, kila mmoja na mpira wake. Koni hatuna. Ndala tunazo. Tukazipanga mstari, watoto wakazipiga chenga kwa ustadi ambao ulinifanya niamini mwenyewe kwamba nina kipaji cha kufundisha. Giza lilipoingia kila mtu akachukua mbili zilizo karibu naye akakimbilia kwao. Usiku ule nilipokea ugeni wa akina mama, kila mmoja ameshika ndala mbili za kushoto. Sasa tunatumia vifuu vya nazi, ambavyo Tanga havina mwenyewe.

Muda nao haukuwa wangu. Mtoto wa Makorora ana ratiba kuliko mkuu wa wilaya: asubuhi shule, mchana tuisheni, alasiri madrasa, na magharibi anatakiwa awe ndani. Kati ya kutoka madrasa na adhana kuna dakika zinazotosha kuvaa jezi na kuivua. Nilikwenda kwa ustadhi na kofia safi, nikamweleza faida za michezo kwa mwili na akili ya mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akaniuliza mimi mwenyewe juzuu niliishia ipi. Nikatoka pale na makubaliano: Jumanne na Alhamisi watoto wataachiwa mapema, mimi nitatoa kopi za mitihani ya madrasa bure, na kila Jumatatu nitahudhuria darasa la watu wazima. Wanafunzi wenzangu wawili ni wazazi wa mabeki wangu. Huko nako ninaombwa namba.

Lakini ustadhi ana ratiba, mama hana. Sheria ya 3 ya soka inasema timu ikiwa na wachezaji pungufu ya saba mechi haianzi wala haiendelei, nami naamini mmoja wa waliotunga sheria ile aliwahi kupita Makorora. Inaruhusu pia, kwa soka la watoto, mchezaji aliyetolewa arudi tena uwanjani, utaratibu ambao kwetu ulikuwa ukitumika kabla sijausoma. Katikati ya mechi, tena tukiwa tunaongoza, sauti inatoka upande wa nyumba: jina la mtoto, la baba yake na la babu yake. Ukisikia majina matatu ujue hakuna rufaa. Beki wangu wa kati anamwacha mshambuliaji, anauacha mpira, anapita mbele yangu bila kunitazama, anakwenda kununua unga.

Siku moja mama yake alimfuata mwenyewe. Aliingia hadi ndani ya 18, kanga kifuani, hela mkononi. Refa akapuliza filimbi, nikadhani atamtoa nje. Kumbe alisimamisha mchezo ili apite vizuri. "Ahsante baba," mama akasema. Mchezo ulipoendelea, pengo lile pale nyuma likatuletea penalti, ikapigwa beki akiwa bado dukani, na kipa, Mungu amjalie, akaidaka. Beki akarudi na kilo moja ya unga, akauliza matokeo, akauweka mfuko nyuma ya goli, akaendelea na kazi. Haukupita muda shuti la wapinzani likatoka nje, likaupasua ule mfuko. Nyavu hatuna. Nililipa mimi.

Na kwa kuwa nimetaja goli: sheria inataka upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Nguzo zetu ni mirunda tuliyoiomba kwa mtu anayejenga, kwa sharti kwamba akiihitaji ataifuata, na amewahi kuifuata wakati wa mapumziko. Mtambaa wa panya ulikuwa kamba ya manila, ambayo panya asingeitambaa hata angelipwa. Asubuhi imekaza, jioni imelegea. Nilisoma mahali kwamba Waingereza nao waliwahi kufunga utepe juu ya nguzo, mwaka 1866, kabla ya kufikia mti, nikawaambia watoto kwamba tuko njia moja na Uingereza, ila sisi tumechelewa kuondoka. Kila goli la juu lilifuatiwa na mkutano. Mpira umepita juu ya kamba, au kamba ndiyo iliyoupisha?

Kisha kuna mwembe. Umesimama ndani ya kiwanja, kona ya kulia, na mwenye kiwanja hataki kusikia habari za shoka kwa sababu ni dodo. Winga wangu aligundua siri yake: anaupiga mpira kwenye shina, anampita beki kwa nje, anaupokea upande wa pili. Wageni wakalalamika. Tukakaa kikao, tukapitisha kwamba mwembe uhesabiwe kuwa refa, maana refa naye husimama ndani ya kiwanja na mpira ukimgonga mchezo unaendelea. Azimio hilo lilitufaa sana, mpaka mwalimu mmoja mpenda vitabu alipotuletea habari kwamba tangu mwaka 2019 mpira ukimgonga refa, ukahamia kwa timu nyingine au ukazaa shambulizi la maana, mchezo husimamishwa na mpira hudondoshwa. Winga alinuna wiki nzima. Baadaye alikuja dukani peke yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hatuwezi kuusajili mwembe kuwa mchezaji.

Mwenye kiwanja mwenyewe ni muungwana. Hajawahi kutufukuza. Ila kila anapopata fedha kidogo anamwaga lori la kokoto au matofali kwa ajili ya nyumba atakayoijenga siku zijazo, na kiwanja, ambacho kisheria kingetakiwa kiwe na urefu usiopungua mita 90, kinazidi kufupika kwa kadiri mambo yake yanavyomnyookea. Tunamwombea heri, lakini kwa sauti ndogo.

Sheria ya kuotea nilijaribu kuwafundisha kwa vizibo vya soda juu ya kaunta. Huyu kipa, huyu beki wa mwisho, huyu mshambuliaji, tazama mpira unapopigwa. Walikodoa macho kwa heshima kubwa. Akaingia mteja wa bahasha, nikamhudumia, nikageuka: vizibo vilikuwa vimepangwa upya, drafti imeanza, na yule niliyemdhania mzito wa kuelewa alishapata kingi mbili.

Kitu ambacho hakikuhitaji mwalimu ni kushangilia. Fiston Mayele alipokuwa Yanga alituachia kutetema, na amekwishaondoka lakini watoto bado wanatetema. Nina Samatta watatu kikosini, na wote wanalijua goli alilofunga Mbwana Samatta pale Wembley, tarehe 1 Machi 2020, Aston Villa dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi. Ukiwakumbusha kwamba Villa walifungwa 2-1 wanakutazama kwa huruma, kana kwamba umezungumzia mechi nyingine. Basi siku moja tukafunga. Timu nzima, pamoja na kipa, ikakimbilia kwenye mwembe kutetema. Wapinzani wakauweka mpira katikati, wakaanza, wakasawazisha, wetu wakiwa bado wanatetema. Sheria hairuhusu mpira kuanzishwa kabla ya wachezaji wote kurudi nusu zao, na nilimfuata refa kumwambia hivyo. Nilimkuta naye anatetema.

Jezi zilikuja kwa neema ya kura. Mwaka wa uchaguzi, watoto kumi na wanane waliosimama mstari mmoja huonekana kutoka mbali. Mtia nia mmoja wa udiwani akapita, akatuona, akapiga nao picha, na baada ya wiki tukaletewa mfuko. Zilikuwa jezi za saizi ya watu wazima, na kifuani picha yake akitabasamu. Mtoto wa miaka 11 akiivaa, uso ule ulishuka hadi tumboni, na mikono ya jezi ikafunika ya mtoto, refa asijue nani ameunawa mpira. Rangi aliichagua kwa akili: akijua nusu ya mtaa ni Simba na nusu ni Yanga, aliepuka nyekundu, akaepuka kijani na njano, akaangukia zambarau. Kwenye namba ndipo hekima ilipozidi. Namba 10 zilikuwa tano, kwa maelezo kwamba alitaka kila mtoto afurahi. Refa akitaka kuandika kadi ya njano ya namba 10, anakuta namba 10 tano zimemzunguka, kila moja inamnyooshea kidole mwenzake. Mwisho akaacha kuandika.

Kura za maoni zikafika, mtu wetu hakupita. Siku chache baadaye kijana wake alisimama mbele ya kaunta, akanisalimia vizuri, akauliza habari za jezi.

"Zimefuliwa," nikasema.

"Hata zikiwa mbichi, mzee wangu, tutazianika sisi."

Tulizungumza sana. Soda mbili ziliisha. Hatimaye tukafikia kwamba jezi zibaki, lakini sura ya mheshimiwa iondoke, kwa sababu aliyemshinda alikuwa ameanza kupita kiwanjani jioni na kucheka. Mama mmoja mwenye cherehani, mzazi wa Samatta wa tatu, akajitolea kushona viraka juu ya kila uso. Kitambaa alichokuwa nacho ni mabaki ya shuka la maua. Kuanzia hapo mshereheshaji akitutangaza hasemi jina la timu, ambalo hata hivyo watoto hawajakubaliana. Anasema, "Wa maua ndio hao wanaingia."

Tulipokwenda Pongwe kucheza, gari tuliyoipata kwa kuombaomba ilikuwa kirikuu iliyotoka kushusha mkaa. Watoto walipanda zambarau, wakashuka weusi. Wenyeji walitupigia makofi wakidhani tuna jezi za ugenini.

Sasa nije kwenye mashindano. Yalikuwa ya watoto wa chini ya miaka 13, na zawadi ya mshindi ilikuwa mbuzi. Panapokuwa na mbuzi, umri wa watu hurudi nyuma. Nchi yenyewe imewahi kuonja uchungu wa jambo hili: Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005, kule Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. FIFA nao, kuanzia Kombe la Dunia la vijana hao la mwaka 2009, waliamua kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa MRI. Makorora mashine iliyokuwepo ni yangu ya kopi.

Jioni ya kuamkia usajili duka lilijaa. Sijawahi kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa kwa wingi ule. Mzee mmoja wa mtaa wa pili aliniletea cheti ambacho mwaka umefunikwa kwa kipande cha karatasi nyeupe, akaniomba nitoe hivyo hivyo, pale patajazwa baadaye. Nikamkatalia kwa upole, nikamweleza kwamba mimi pia ni kocha na jambo hilo si zuri. Akanielewa kabisa. Akasema basi anaomba kalamu. Kalamu nauza, nikamuuzia.

Kamati ya mashindano ilipoona kwamba kina mama wa kata nzima walijifungua mwezi mmoja, ikaviweka vyeti kando, ikarejea kwenye kipimo kilichotuandikisha sisi darasa la kwanza: pitisha mkono juu ya kichwa, uguse sikio la upande wa pili. Zamani ukiligusa, umekua, karibu shule. Sasa kamati ikakigeuza: ukiligusa, umekua, toka. Mstari ukapangwa. Watoto wakaligusa mmoja baada ya mwingine, maana mtoto wa miaka 12 hulifikia sikio lake na akabakiwa na vidole. Katika mashindano mazima aliyeshindwa alikuwa mmoja, beki wa timu ya mtaa wa pili, mwenye sharubu na kifua cha mpiga makasia. Vidole vyake vilikwama utosini, akakunja uso, akahema, akajaribu tena, ikashindikana. Kwa kipimo kile yeye peke yake ndiye aliyekuwa mtoto.

Nilimtambua. Wiki ile ile aliniletea rimu za karatasi kwa bodaboda, nikamwomba apunguze nauli, akanijibu kwamba haiwezekani kwa sababu ana familia.

Kamati ikafuta kipimo, ikaruhusu wote, na tukacheza naye. Siwezi kumsema vibaya. Kila alipomwangusha mtoto alimwinua kwa mkono mmoja, akamfuta vumbi, akamuuliza ameumia wapi. Walitufunga tatu, na mechi ilipoisha akawabeba Samatta wawili kwenye pikipiki hadi kwao, bure.

Mechi iliyofuata ilikuwa na mambo ya kamati ya ufundi. Timu nyingi za nchi hii, kubwa kwa ndogo, zina kamati ya ufundi ambayo ufundi wake hauhusu mpira. Ya kwetu ilikuwa babu mmoja aliyejiteua, na bajeti yake nilikuwa nimeikatalia. Asubuhi ile kipa alikuta nusu ndimu karibu na nguzo. Akagoma kukaa golini. Babu akaichunguza kwa mbali, akanitazama kwa jicho la nilikwambia, akatangaza ni kazi ya wapinzani. Wapinzani nao wakaiona, wakatangaza ni kazi yetu, wakagoma kushambulia upande ule. Mpira ukachezwa nusu moja ya kiwanja, timu mbili zimebanana, goli letu halina kipa wala adui, mpaka mama muuza mihogo ya kukaanga alipoingia akiinama huku na huku, kuitafuta nusu ya ndimu yake.

Mechi ile tulitoka sare. Nyingine tulifungwa. Niliwakalisha chini ya mwembe, nikawasimulia kuhusu subira: Taifa Stars walicheza fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980 kule Nigeria, hawakurudi tena hadi mwaka 2019 kule Misri. Miaka 39, nikasema, na hawakukata tamaa. Palikuwa na kimya kizuri. Kisha kipa, ambaye hesabu anaziweza, akasema, "Kocha, baada ya miaka 39 mimi nitakuwa na 51." Samatta wa pili akaanza kulia.

Mbuzi alikwenda kwa timu ya mtaa wa pili, akapanda bodaboda. Sisi, kwa mshangao wa wengi na wangu mkubwa zaidi, tukaitwa mbele kupokea zawadi ya timu yenye nidhamu. Karatasi za refa zilionyesha hatukupata kadi hata moja tangu mashindano yaanze. Namba 10 zangu tano zilisimama wima, zimetulia, mikono nyuma. Mgeni rasmi alikuwa yule aliyeshinda udiwani. Akawapa watoto mkono mmoja mmoja, hadi akafika kwa mmoja ambaye kiraka chake kilikuwa kimeanza kubanduka, na kati ya maua jicho moja la mpinzani wake likawa linamtazama. Akacheka mpaka akashikwa bega. Akaahidi jezi mpya. Bado tunazingoja.

Zawadi yenyewe ilikuwa jogoo. Jogoo mmoja, watoto kumi na wanane. Anakaa uani kwangu, watoto wamempangia zamu ya pumba, na zamu hiyo, tofauti na mazoezi, hakuna anayeikosa. Wazazi wamegawanyika. Kuna kambi ya pilau. Kuna kambi ya kumtafutia mitetea ili timu iwe na mradi. Fundi baiskeli anataka auzwe tununue mpira, kwa kuwa yeye amechoka. Watoto wao wanasema hachinjwi, ni mchezaji. Hoja hiyo ilitolewa na winga.

Jumamosi tulikaa kikao uani. Kambi ya pilau ilipoonekana kushinda, mama wa beki wa kati, yule wa unga, akasimama akataka nyama igawanywe kwa dakika ambazo kila mtoto alicheza, na zile za dukani zihesabiwe. Akina mama wa wachezaji wa akiba wakasimama wote kwa pamoja. Fundi akakumbusha kwamba mwanawe hakutolewa hata dakika moja. Wakanigeukia mimi, nilete daftari la mechi wakahesabu wenyewe.

Nikawaambia jogoo amelidonoa.